Ukali wa Kisu na Ukali wa Mwalimu: Kuchagua Neno katika Kiingereza

 

Mada niliyopewa ni namna ya kuchagua neno katika Kiingereza, hasa pale kamusi inapotupa maneno matatu au manne yanayoonekana kuwa sawa. Nitaanza na Kiswahili. Makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari yanatokana na mwanafunzi kukizoea Kiswahili kiasi cha kutoona tena jinsi neno moja la kwetu linavyofanya kazi nyingi.

Chukueni "-kali". Kisu ni kikali. Jua ni kali. Mbwa ni mkali, pilipili ni kali, kahawa ni kali, mwalimu ni mkali. Tunasema baridi kali, maumivu makali, ushindani mkali, adhabu kali, maneno makali, harufu kali, macho makali. Hakuna anayesita. Sasa mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili avipeleke vyote hivyo kwenye Kiingereza. Kisu kitakuwa "sharp". Jua litakuwa "hot", au "scorching" likizidi. Mbwa ni "fierce". Pilipili ni "hot", lakini kahawa ni "strong", na ukiita kahawa "hot" umetaja joto lake tu, hujasema lolote juu ya ladha. Baridi ni "bitter", ushindani ni "stiff", adhabu ni "severe", maneno ni "harsh", macho ni "keen". Mwalimu ni "strict". Mzizi mmoja wa Kiswahili umesambaa kwenye maneno kumi au zaidi ya Kiingereza, na hakuna hata moja kati yake linaloweza kushika nafasi ya mengine yote.

Mwanafunzi aliyekariri kwamba "-kali" ni "sharp" ataandika "our teacher is very sharp", na Mwingereza ataelewa kwamba mwalimu huyo ni mwepesi wa kung'amua mambo. Aliyekariri "fierce" atakuwa amempa mwalimu wake sifa ya mbwa wa lindo. Sentensi zote mbili hazina kosa la sarufi. Kiima kipo, kitenzi kipo, tahajia ni sahihi. Msahihishaji anapitisha, mwanafunzi anapata alama, na tatizo linamsubiri mbele ya safari, siku atakapoandika kwa mtu asiyejua Kiswahili.

Wakenya waliwaita mafundi wanaofanya kazi nje bila paa "Jua Kali", na magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huliandika jina hilo lilivyo hadi leo. Naona walifanya la busara. Jina hilo limebeba joto, taabu na ukakamavu kwa pamoja, na Kiingereza hakina neno moja la kubeba mzigo huo.

Tukishafika kwenye mwalimu mkali na kukubaliana kwamba yeye ni "strict", kazi bado haijaisha. Fikirieni mwalimu mkuu anayemwandikia mwenzake barua ya kumwombea kazi nje ya nchi. Mbele yake yapo "strict", "firm", "stern" na "harsh". "Strict" humtaja mtu anayesimamia kanuni. Kwa msomaji mmoja ni sifa, kwa mwingine ni tahadhari. "Firm" ni msimamo usioyumba, na karibu kila mara ni sifa. "Stern" huhusu zaidi sura na sauti, ule uso usiokunjuka. "Harsh" huhusu maumivu ya yule aliye upande wa pili. Mwalimu aliyeandikiwa "firm but fair" ataitwa kwenye usaili. Aliyeandikiwa "harsh" barua yake itawekwa kando, hata kama aliyeiandika alikusudia kumsifu. Kwetu mzazi akisema "yule mwalimu ni mkali", mara nyingi anamaanisha kwamba mtoto yuko mahali salama. Sifa hiyo haivuki mpaka pamoja na neno.

Mwaka 1948, katika kipindi cha BBC kilichoitwa The Brains Trust, mwanafalsafa Bertrand Russell alilionyesha jambo hili kwa mtindo wa mtu anayenyambua kitenzi. Nafsi ya kwanza hujiita "firm". Nafsi ya pili huitwa "obstinate". Nafsi ya tatu, ambaye hayupo kujitetea, ndiye anayeangukiwa na "pig-headed". Tabia inayotajwa ni moja, mtu asiyebadili mawazo yake. Kinachobadilika ni mahali aliposimama msemaji na kama anampenda anayemsema. Hilo ndilo ningependa tulishike jioni hii: maneno yanayokaribiana maana hutengana kwa mambo ambayo tafsiri ya neno moja haiwezi kuyaonyesha, yaani maneno yanayoandamana nayo, watu waliozoea kuyatumia, na hisia ya mtumiaji kwa yule anayetajwa.

Nianze na kuandamana. Chai kwa Kiingereza huwa "strong", haiwi "powerful". Injini huwa "powerful". Mfano huu ulitumiwa na mwanaisimu Mwingereza Michael Halliday katika miaka ya 1960, na sijauona uliouzidi kwa uwazi. Maneno hayo mawili yote yanataja nguvu. Mtu anayetafuta mantiki ya kwa nini moja linakubaliwa na chai na jingine linakataliwa atatafuta bila kupata. Mvua ni "heavy", upepo ni "strong", foleni ya magari ni "heavy", lakini foleni ya watu benki ni "long". Makosa "hufanywa" kwa "make", kazi za nyumbani kwa "do". Hivi ndivyo wenye lugha walivyozoea kusema, na mazoea yamekuwa sheria.

Mwalimu wa Halliday huko London, J. R. Firth, aliandika mwaka 1957 kwamba neno hutambulika kwa maneno linayofuatana nayo. Wazo hilo limekuwa maarufu vyuoni, lakini napenda kuwakumbusha walimu kwamba kabla ya Firth lilikuwa limeshafanyiwa kazi darasani. Harold Palmer alikwenda Tokyo mwaka 1922 kusaidia kuboresha ufundishaji wa Kiingereza katika shule za Japani. Aliona wanafunzi wenye juhudi, waliokariri maneno mengi, wakiunganisha maneno ambayo hakuna Mwingereza angeyaunganisha. Mwaka 1933 akatoa ripoti nzima juu ya maneno yanayozoea kwenda pamoja. Mwenzake, A. S. Hornby, akatunga kamusi kwa ajili ya wanafunzi hao. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiendelea, kisha Oxford University Press ikaitoa mwaka 1948. Ile kamusi nene ya Oxford ambayo wengi wenu mliitumia sekondari imetokana na kazi hiyo. Walioihitaji hawakuwa Waingereza. Walikuwa watu kama sisi, na ndiyo maana ndani yake kila neno lina mifano ya sentensi. Mwanafunzi anayesoma maana na kuruka mifano ameacha sehemu iliyotungwa kwa ajili yake.

Kompyuta zilipokuja, uchunguzi ukaenda mbali zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Sinclair na wenzake walikusanya mamilioni ya maneno kutoka vitabu, magazeti na mazungumzo, na kamusi yao ya COBUILD ikatoka mwaka 1987. Sinclair alichunguza "set in", ambayo kamusi za kawaida huieleza kuwa ni "kuanza na kuendelea". Alipoangalia ni mambo gani yanayo-"set in", akakuta kuoza, kukata tamaa, hali mbaya ya hewa, maambukizi. Neema hai-"set in". Mwaka 1993 Bill Louw, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliliendeleza jambo hili na kuonyesha kwamba neno lililozoea kukaa na mabaya hubaki na harufu ya ubaya hata linapowekwa penye jema. "Utterly" ni mmojawapo wa mifano yake. Fungueni maandishi mtakayo, mtaona "utterly" likitangulia upuuzi, uchovu, kushindwa, kutokuwa na maana.

Neno linalowaponza watu wetu zaidi katika kundi hili ni "cause". Linaonekana halina upande: kitu kimeleta kitu. Lakini Waingereza na Wamarekani hulitumia sana na matatizo, uharibifu, ajali, magonjwa na vifo. Ripoti ya mradi inayosema "the new road has caused development" inaeleweka, ila msomaji anabaki akijiuliza kama barabara hiyo inalaumiwa kwa jambo fulani. "Has brought development" ingetosha.

Walimu, hapa mwanafunzi haanzi na mikono mitupu. Kiswahili kina tabia hiyo hiyo. Sikilizeni taarifa ya habari yoyote: ni nini kinachokithiri? Uhalifu umekithiri, rushwa imekithiri, ajali za bodaboda zimekithiri. Hakuna mtangazaji anayesema upendo umekithiri mkoani, ingawa neno lenyewe maana yake ni kuwa kingi tu. Na ni nini kinachosababishwa? Mvua zimesababisha mafuriko, moto umesababisha hasara. Barabara mpya, tukizungumza kwa utulivu, imeleta maendeleo. Mwanafunzi aliyekua na Kiswahili amekuwa akifanya uchaguzi huu tangu utotoni bila kufundishwa na mtu. Akionyeshwa kwamba anaufanya, ataanza kuutafuta katika Kiingereza pia. Akipewa orodha ya visawe aikariri, ataamini kwamba "cause", "bring" na "create" ni nguo tatu za mtu mmoja.

Ningependa orodha hizo za visawe zipumzishwe, angalau katika madarasa ya chini. Zimewafundisha watoto kwamba maneno yanayokaribiana yanaweza kubadilishana viti wakati wowote.

Jambo la pili, watu waliozoea kulitumia neno, linahitaji historia kidogo. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaiteka Uingereza, na kwa karibu miaka 300 lugha ya mabwana, mahakama na ikulu ikawa Kifaransa, huku wakulima na wachungaji wakibaki na Kiingereza chao. Kanisa na wasomi walitumia Kilatini. Ni mwaka 1362 tu ndipo sheria ilipotoka kwamba kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakuelewa Kifaransa kilichotumiwa kuwahukumu. Lugha zote tatu ziliacha maneno yao katika Kiingereza, na zikayaacha yakiwa na vyeo. Mtoto hufanya "ask". Mwanasheria hufanya "question". Polisi, akiwa na mshukiwa kwenye kiti, hufanya "interrogate". Kazi "begins", ujenzi wa daraja katika hotuba ya waziri "commences". Mnyama akiwa zizini anaitwa kwa jina la Kiingereza, "cow" au "sheep". Akifika mezani anaitwa kwa jina lililotoka Kifaransa, "beef" au "mutton". Walter Scott alilifanya hili la wanyama liwe maarufu kwa riwaya yake ya Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819.

Waswahili tunalijua jambo hili kwa ndani. Kiarabu kilikuja kwetu kwa njia nyingine, kwa biashara, dini na ndoa, lakini nacho kiliweka tabaka juu ya tabaka. Mtoto anauliza, mwandishi wa habari anahoji. Kitenzi cha kwanza ni cha Kibantu, cha pili kina asili ya Kiarabu. Mbuzi amekufa, mzee wetu amefariki. Mtu akisema "mzee amekufa" msibani, watu watainua macho, na hakuna atakayedai kwamba amesema uongo. Kiingereza kina "die" na "pass away", na tofauti yake inafanana na hiyo, ingawa katika ripoti ya hospitali au habari ya gazeti Waingereza hutumia "die" bila kumkosea marehemu heshima. Tahadhari moja: si kila neno la Kiarabu kwetu lina cheo. "Habari", "rafiki" na "sababu" ni maneno ya kila siku. Vivyo hivyo "table", "very" na "people" yalitoka Kifaransa, na leo ni maneno ya jikoni. Historia inaelekeza, lakini haitoi jibu la kila neno.

Sasa niseme jambo ambalo najua wengine hawatalipenda. Katika shule zetu, Kenya na Tanzania, kuna desturi ya kumsifu mtoto anayetumia maneno magumu katika insha za Kiingereza. Moto hauwi "fire", unakuwa "conflagration". Mtu haanzi safari, ana-"commence". Watoto wanakariri misemo iliyopambwa, wanaisubirisha mpaka mtihani, kisha wanaitumbukiza popote. Tunawafundisha kuandika kwa lugha ya mahakama barua ya kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Wenye lugha yenyewe walishapigana na desturi hii. Mwaka 1946 George Orwell aliandika makala kali dhidi ya maneno marefu yanayoficha fikra. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, kwa ombi la Wizara ya Fedha ya Uingereza, aliandika kitabu cha kuwafundisha watumishi wa serikali kuandika kwa maneno ya kawaida. Mwanafunzi wetu anayeandika "The fire started in the kitchen" amechagua vizuri, na ninaomba apate alama kamili.

Jambo la tatu ni hisia ya mtumiaji. Kuna maneno ambayo uzito wake unategemea kabisa nani anamwambia nani, na hapo ningependa tukae kidogo. Tuseme "kukataa". Mtu akikataa mwaliko wa harusi kwa adabu, hiyo ni "decline". Ofisa akikataa hongo, "refuse". Chuo kikikataa maombi ya mwanafunzi, "reject", na neno hilo linauma. Ndiyo maana barua nyingi za vyuo huzunguka ili zisilitaje. Waziri akikataa tuhuma, "deny". Nimeona mara nyingi, hata katika maandishi ya watu wazima, "the minister refused the allegations". Kosa hilo lilizaliwa katika Kiswahili kabla halijafika kwenye Kiingereza: mwandishi alianza na "amekataa", wakati Kiswahili kina neno sahihi zaidi, "amekanusha". Angeanza na kukanusha, angefika kwenye "deny" bila shida. Na "deny" hiyo ina mkono wa pili: "to deny someone a right" ni kumnyima mtu haki yake.

Huu ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Kabla hujaenda kwenye kamusi ya Kiingereza, kaza kwanza neno lako la Kiswahili. Kusikia na kusikiliza tayari ni "hear" na "listen". Kuona na kutazama ni "see" na "look". Kusema na kuambia ni "say" na "tell", na hata sarufi inafanana: huwezi kuambia bila kuwapo wa kuambiwa, na "tell" nayo kwa kawaida hudai mtu. Aliyeliona hilo hatasema tena "he said me". Kukopa na kukopesha zitakupeleka kwenye "borrow" na "lend". Ni "kuazima" linaloharibu, kwa sababu kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaweza kuazima, na hapo ndipo inapotoka ile "borrow me your pen" tunayoisikia madarasani.

Pale Kiswahili kisipotenganisha, hakuna njia ya mkato. Kusikia njaa, kusikia baridi, kusikia harufu na kusikia sauti ni kitenzi kimoja kwetu. Kiingereza kinataka "feel" kwa mbili za kwanza, "smell" kwa ya tatu, "hear" kwa ya nne. Mkono wetu unatoka begani mpaka kwenye kucha. Wao wameugawa kuwa "arm" na "hand". Na wageni nao wanalipa wanapokuja kwetu: "rice" yao moja inawabidi waigawe mpunga, mchele na wali.

Kisha kuna neno "mzee". Kijana wa Dar es Salaam akimwita mtu mzee, amempa heshima. Akiwa London akamwambia mtu wa umri huo huo "old man", amemtaja kwa kuchakaa kwake. Kiingereza kina "elderly", lenye upole, linalofaa kuzungumzia watu wa umri huo lakini si kuwaita. Kina "senior", lenye harufu ya ofisi na tiketi za basi. Kumwita mtu kwa umri wake kama njia ya kumheshimu hakupo katika Kiingereza cha Uingereza. Kijana atumie "sir", au jina la ukoo lenye "Mr" mbele, na heshima aliyotaka kuitoa itafika.

Kuhusu Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani nitapita haraka, maana vitabu vya mada hiyo ni vingi. Maneno ya kuogopa ni yale yanayofanana kwa sura yakapingana kwa maana, kuliko "lift" na "elevator" ambazo kila mtu anazijua. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka ku-"table" waraka, yaani kuuleta mezani ujadiliwe mara moja, na Wamarekani wakapinga kwa nguvu, kwa kuwa kwao ku-"table" ni kuuweka kando. Walibishana kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba walikuwa wakitaka kitu kimoja. "Quite" nayo ina mtego wake. Mmarekani akisema kazi yako ni "quite good", furahi. Mwingereza akisema hivyo, mara nyingi anamaanisha inaridhisha, na ungefanya vyema kuirudia.

Nimalizie na mahali ambapo haya yote yana uzito kuliko barua na insha. Mwezi Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi na wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza. Vijana wetu wamo katika wodi za huko sasa hivi. Kiingereza chao ni kizuri. Wamefaulu mitihani migumu. Lakini tazameni neno "sick". Katika Kiingereza tunachofundisha hapa, "I was sick" ni niliumwa. Katika Uingereza, "I was sick last night" kwa kawaida ni nilitapika usiku, na "I feel sick" ni nina kichefuchefu. Kuumwa kwa jumla, kwao, ni "ill". Wakati huohuo "a sick child" ni mtoto mgonjwa tu, na "sick leave" ni ruhusa ya ugonjwa, bila kutapika kokote. Muuguzi anayeandika kwenye kadi kwamba mgonjwa amekuwa "sick" tangu Jumatatu ameacha nafasi ya daktari kuelewa jambo ambalo hakulisema. Wengi wangefikiri "ill" ni neno la kizamani na "sick" ni la kisasa. Tofauti yake pale wodini ni kubwa kuliko hiyo.

Au tuchukue maumivu yenyewe. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alichapisha hojaji ya kupima maumivu kwa maneno: maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20, mgonjwa akichagua yanayomfaa. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa hawachagui ovyo. Aina za maumivu zina maneno yake, na maneno hayo humsaidia daktari kutafuta chanzo. "Throbbing" ni ya jipu au meno, yanayokwenda na mapigo ya moyo. "Stabbing" huja kwa kuchoma ghafla. "Cramping" hubana na kuachia. "Gnawing" hutafuna kidogo kidogo. "Dull" hayana ncha, yapo tu, na hayaondoki.

Mwambieni mwanafunzi wa uuguzi kwamba "pain" ni maumivu, basi, na mtakuwa mmemnyima kifaa cha kazi. Bibi yake kijijini anajua zaidi. Yeye husema jipu linapwita, ubavu unachoma, tumbo linasokota, kichwa kinawanga, kidonda kinawasha. Hachanganyi hata kimoja: tumbo halipwiti na jipu halisokoti. Kupwita na "throbbing" ni maumivu yale yale. Kusokota na "cramping" yanakaribiana sana. Kichwa kinachowanga itabidi tukijadili, kwa kuwa wengine hulitumia kwa maumivu yanayogonga na wengine kwa yale mazito yasiyokatika, na muuguzi atalazimika kumuuliza mgonjwa zaidi kabla ya kuchagua kati ya "throbbing" na "dull". Ningependa kuona vyuo vya uuguzi vikianza somo la Kiingereza cha hospitali kwa maneno haya ya bibi, yakikusanywa kwa uangalifu, yakilinganishwa moja moja, na penye shaka paachwe wazi mpaka pachunguzwe.

Wodini pia ndipo "pole" inapotatiza. Mtu akijikwaa mbele yetu tunasema "pole", na tukisema Kiingereza tunasema "sorry". Mwingereza hutumia "sorry" kwa mfiwa, na hutumia "sorry" akikukanyaga. Lakini ukimwambia "sorry" yeye aliyejikwaa peke yake, huenda akakujibu kwamba halikuwa kosa lako, akikutazama kwa mshangao. Muuguzi wetu aliye Leeds atafanya vyema kusema "Are you all right?" na kumshika mkono. Muuguzi aliye Kisumu aendelee na "sorry" yake. Kuanzia Mombasa hadi Kampala watu wote wanaielewa, wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kina haki ya kuwa na neno la kumwambia aliyejikwaa, kwa kuwa Kiingereza cha Uingereza hakina. Mwanafunzi anayeliandika kwenye mazungumzo ya insha hajakosea. Wasahihishaji wamwachie alama yake, kisha pembeni wamwandikie kwa kalamu hiyo hiyo nini Mwingereza angesema.